Kuzoa taka kwa ushirikiano katika miji midogo na vijiji vikubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wakazi wa miji midogo na vijiji vikubwa vya Tanzania Bara, pale ambapo pameshakuwa na stendi, gulio, machinjio na nyumba za kupanga, lakini lori la taka, kama lipo, linalala makao makuu ya wilaya. Sheria inapotajwa, isome pamoja na sheria ndogo za halmashauri yako, maana viwango na taratibu hutofautiana.

Kuzoa taka ni kazi ya nani? Halmashauri inatusukumia sisi, nasi tunaisukumia halmashauri.

Kisheria ni ya halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazibebesha serikali za mitaa jukumu la taka ngumu katika maeneo yao, mjini na vijijini, tangu kukusanya hadi kutupa mahali pa mwisho. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) husimamia na kukagua. Si kazi yake kuleta lori kitongojini kwenu. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 nayo inampa afisa afya mamlaka ya kukagua na kumchukulia hatua anayechafua.

Hilo halimwondolei mwenye nyumba wajibu wake wa kuweka taka mahali pake na kulipa ada iliyopitishwa. Halmashauri inaweza kukabidhi kazi kwa kikundi au kampuni, lakini kazi ndiyo inayokabidhiwa, wajibu unabaki palepale. Kikundi kikishindwa kuzoa, wa kuulizwa bado ni mkurugenzi.

Ushirikiano unaosemwa hapa ni wa nani na nani?

Kwa kawaida ni pande tatu. Kaya na wafanyabiashara hutenganisha taka na kulipa. Kikundi cha wenyeji, mara nyingi cha vijana au akina mama, huzoa nyumba kwa nyumba kwa toroli, mkokoteni wa punda au guta na kuzifikisha kwenye kizimba, yaani mahali pa kukusanyia taka kabla hazijaenda dampo. Halmashauri huzitoa kizimbani kwenda dampo, hutunga na kusimamia sheria ndogo, na hutafuta ardhi ya dampo. Serikali ya kijiji au kitongoji hukaa katikati: ndiyo inayojua nani anaishi wapi, na mkutano mkuu wake ndipo mahesabu yanapopaswa kusomwa.

Ushirikiano mwingi huharibikia kizimbani. Kikundi kimezoa vizuri wiki nzima, trekta la halmashauri la kupeleka taka dampo halikuja, kizimba kimefurika, mbwa wamesambaza kila kitu, na wananchi wanakilaumu kikundi. Kwa hiyo mkataba uandike siku ya trekta, na uandike pia nani atakodi trekta jingine, kwa fedha ya nani, hilo lisipotokea.

Kwa nini tusiombe tu lori moja kubwa?

Lori la taka hunywa mafuta, hutaka dereva, matairi na vipuri, na halipiti kwenye vichochoro vya mji uliokua bila kupimwa. Wakati wa masika linaweza lisipite hata kwenye barabara kuu ya kijiji. Katika mji wa kaya mia kadhaa, guta au mkokoteni wa punda huenda popote, hutengenezwa na fundi wa hapohapo, na likiharibika moja jingine linaendelea. Lori moja likiharibika, mji mzima umesimama.

Kikundi kinaanzaje? Tuna vijana kumi wako tayari.

Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kinahitaji katiba, uongozi, akaunti ya benki na usajili wa halmashauri. Bila hivyo hamwezi kuingia mkataba, na bila mkataba mtakuwa mnajitolea, na kujitolea kuna mwisho wake.

Mtaji wa kuulizia ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024, kwa hiyo msikatishwe tamaa na anayewaambia ilishafutwa. Guta la mkopo linafaa. Posho za vikao za mkopo hazifai, maana guta litaingiza hela ya kulirejeshea na posho haitaingiza kitu.

Halmashauri ikitangaza kazi ya usafi kama zabuni, hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa mtandao, na taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu. Vikundi vingi hukosa kazi kwa sababu tu havijajisajili kwenye mfumo. Ombeni msaada wa afisa ununuzi kabla zabuni haijatangazwa. Ikishatangazwa, mmeshachelewa.

Ada ya taka iwe shilingi ngapi?

Watu hupenda kuanza na swali la wananchi wanaweza kulipa ngapi. Anzeni na gharama. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu: mji una kaya 800, ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wote wakilipa ni 1,600,000. Wazoa taka wanne kwa 200,000 kila mmoja ni 800,000. Mafuta na matengenezo ya guta 250,000. Trekta la kupeleka dampo safari nne kwa mwezi, kila moja 80,000, ni 320,000. Jumla ya gharama 1,370,000. Karatasini kikundi kina faida ya 230,000.

Sasa wekeni hali halisi. Wakilipa asilimia 60 tu, zinaingia 960,000, pungufu 410,000. Mwezi wa kwanza mnakopa mafuta. Mwezi wa pili mzoa taka mmoja anaacha. Mwezi wa tatu taka hazizolewi kwa wakati, na waliokuwa wakilipa nao wanaacha, kwa haki kabisa. Ili msipate hasara katika mfano huu lazima kaya 685 kati ya 800 zilipe, kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya asilimia 85, na mji mdogo unaofika hapo mwaka wa kwanza ni wa nadra.

Kuna njia mbili za kutoka hapo, na kupandisha ada ya kaya si mojawapo. Ya kwanza ni kuwatoza wanaozalisha taka nyingi kwa kadiri ya taka zao: gesti, baa, mama lishe, maduka ya jumla, shule za bweni, stendi. Baa moja yenye chupa na makopo ya kila usiku haiwezi kulipa sawa na bibi anayeishi na mjukuu. Ya pili ni kupunguza kinachobebwa. Taka zinazooza zikibaki nyumbani, safari za trekta zikashuka kutoka nne hadi mbili na wazoa taka watatu wakatosha, gharama inashuka hadi 1,010,000, na kaya 505 zinatosha kuiendesha kazi. Mpango uleule, mji uleule, na kaya 180 hamkulazimika kuzikimbiza.

Hela akusanye nani?

Si yule anayesukuma toroli. Mzoa taka akigeuka mtoza hela, kila asubuhi yake inakuwa ya ugomvi, na siku hesabu isipolingana atatuhumiwa yeye, awe amekula au hajala.

Ada ikikusanywa na halmashauri kwa mashine ya POS au kwa namba ya malipo ya serikali, stakabadhi zinakuwa salama, lakini fedha inaingia kwenye akaunti ya mapato na kikundi kinasubiri. Hapo ndipo vikundi vingi vimefia. Hakikisheni mkataba unataja asilimia ya kikundi na tarehe ya kulipwa, mathalani kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Maneno kama "kwa wakati muafaka" myafute palepale mezani, kabla ya kusaini.

Kikundi kikikusanya chenyewe kwa idhini ya halmashauri, kiwe na mtunza hazina asiye mzoa taka, malipo yapitie simu kadiri inavyowezekana, na mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ajenda ya taka isikose.

Asiyelipa afanywe nini?

Kwanza muangalie kama amezolewa. Wengi wasiolipa wana hoja. Kwa aliyezolewa na hataki tu, lazima pawe na sheria ndogo. Sheria ndogo ya kijiji hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa na mkutano mkuu, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Bila hatua hizo, faini mnayotoza haina msingi, na siku mtakapompata mtu anayejua haki zake mtarudisha hela.

Wazee wasio na kipato na kaya zinazotambulika kuwa hazijiwezi zisamehewe kwa orodha inayopitishwa mkutanoni. Msamaha wa kupeana mlangoni huzaa jamaa wengi sana wasiojiweza.

Taka zinazooza tuzifanyeje? Ndizo nyingi.

Ndizo nyingi kweli. Katika kaya zetu zaidi ya nusu ya uzito wa taka ni maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya mboga na majani. Hizo pia ndizo nzito, ndizo zinazonuka, na ndizo zinazovuta inzi na panya. Karatasi, chupa na mifuko havina harufu mpaka vichanganywe nazo. Kama kikundi kina nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka wa kwanza, kifanye hili: ndoo mbili kila nyumba, moja ya vinavyooza, moja ya vingine.

Mwenye mbuzi, nguruwe au ng'ombe hana haja ya somo. Maganda yana mlaji. Hapo kutenganisha kunamlinda mnyama pia, kwa sababu ng'ombe na mbuzi hula mifuko ya plastiki, ikajikusanya tumboni, na mwenye mali akaja kugundua machinjioni.

Asiye na mifugo na ana uwanja achimbe shimo au aweke lundo la mboji chini ya kivuli. Chini weka vijiti ili hewa ipite. Kisha tabaka la taka mbichi za jikoni, tabaka nene zaidi la vikavu kama majani makavu, mabua ya mahindi au pumba za mpunga, na samadi kidogo au udongo wa juu. Rudia hivyo. Lundo likinuka, lina maji mengi au mbichi zimezidi, ongeza vikavu. Likikaa wiki mbili bila joto, ni kavu mno au limekosa mbichi. Kipimo cha unyevu ni kiganja: ukikamua, mkono ulowe bila maji kuchuruzika. Kipimo cha joto ni fimbo iliyochomekwa katikati. Ukiichomoa baada ya dakika chache iwe ya moto kuishika. Lundo zuri hufika nyuzi 55 hadi 65 za sentigredi, joto linaloua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Geuza kila baada ya wiki mbili. Pwani mboji huwa tayari kwa miezi miwili mpaka mitatu. Kwenye baridi kama Njombe au Lushoto ipe muda zaidi.

Mfupa, nyama na samaki viwekwe kidogo sana au visiwekwe kabisa, la sivyo mbwa watalifukua. Jivu la mkaa ni sawa kwa kunyunyiza tu.

Mboji inauzika?

Kidogo. Wenye vitalu vya miche na bustani za mboga hununua, wakulima wa mahindi mara chache. Mboji ina naitrojeni ya asilimia moja au mbili, na urea ina 46, kwa hiyo anayewaambia itachukua nafasi ya mbolea ya dukani anawauzia matumaini. Faida yake ni kwenye udongo kushika maji. Msiandike mapato ya mboji kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza. Faida mliyo nayo tayari ni trekta ambalo hamkulilipa.

Si rahisi zaidi kuchoma?

Majani makavu yakichomwa shambani ni hasara ya mboji tu. Kuchoma plastiki uani ni jambo jingine: moshi wake una sumu, hasa ikiwamo PVC kama mabomba, waya na viatu vya plastiki, na wanaouvuta kwanza ni wanaopika karibu na watoto. Jivu lake nalo likimwagwa bustanini linaingia kwenye mchicha.

Waokota chupa na vyuma chakavu tuwafukuze dampo?

Hapana. Wao ndio washirika waliofanya kazi hii kabla ya vikao vyote. Kila kilo ya chupa, kopo au chuma wanayoitoa ni kilo ambayo haijazi shimo lenu, na hamkuwalipa chochote. Waandikisheni na muwape mabuti na glavu, na bora zaidi waokote kizimbani kabla taka hazijachafuliana, badala ya kuparua dampo. Zuieni watoto, na zuieni kuchoma waya ili kupata shaba.

Bei ya chupa za plastiki hupanda na kushuka, na mji ulio mbali na Dar es Salaam, Arusha au Mwanza huliwa na usafiri. Chupa tupu ni hewa kwa sehemu kubwa. Zikikanyagwa na kufungwa kwenye viroba vikubwa, gari moja hubeba nyingi zaidi. Tafuteni lori linalorudi tupu baada ya kushusha bidhaa.

Siku ya gulio mji unachafuka zaidi ya wiki nzima. Nani asafishe?

Anayechukua ushuru wa gulio. Kama ni wakala wa halmashauri, usafi wa jioni uwe sharti la mkataba wake. Kikundi kinaweza kufanya kazi hiyo, kwa malipo ya pembeni. Kuuingiza usafi wa gulio ndani ya ada ya kaya ni kuwafanya wakazi wawalipie wafanyabiashara waliokuja asubuhi wakaondoka jioni.

Nepi, pedi, betri, sindano?

Nepi za kutupa ni tatizo jipya na kubwa kuliko linavyosemwa, kwa kuwa watu wanaona haya kulitaja. Hazifai chooni, zinajaza shimo, hazifai mtoni. Kinyesi kimwagwe chooni, nepi ifungwe, iingie ndoo ya taka nyingine. Pedi vivyo hivyo, na shule za wasichana ziwe na kichomeo au shimo lake lenye mfuniko.

Sindano za nyumbani, kwa mfano za mgonjwa wa kisukari, ziwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kurudishwa kituo cha afya. Mzoa taka akichomwa mara moja, kikundi kinapoteza watu. Taka za zahanati zisiingie kizimbani hata kidogo.

Betri nyingi za sola na za magari zina madini ya risasi na tindikali, ila zina wanunuzi. Zisipasuliwe uani. Betri ndogo za tochi hazina mnunuzi. Zitunzwe kwenye chombo kikavu mpaka halmashauri iseme zipelekwe wapi.

Dampo liwe wapi? Kila kitongoji kinakataa.

Na kila kitongoji kina sababu, kwa kuwa wamezoea dampo lisilofukiwa, linalowaka mwaka mzima. Machimbo ya zamani ya mchanga huonekana rahisi, lakini mengi yako karibu na maji ya ardhini. Epukeni mabonde, njia za mafuriko, na mwinuko uliopo juu ya visima. Upepo wa kawaida usivume kuelekea makazi. Mradi wa dampo hupitia tathmini ya athari kwa mazingira. Hata mnapoharakisha msiruke hatua hii, ndiyo inayowapa majirani nafasi ya kusema kabla na si baada.

Nionavyo, kitongoji kinachopokea dampo kilipwe kwa kitu kinachoonekana, kama barabara inayopitika masika na kuzolewa bure, na ahadi hiyo iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Uzio, mlinzi na udongo wa kufunikia kila wiki vinapunguza inzi na moto kuliko mashine yoyote ya gharama.

Si tuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi?

Tunao, na umesaidia. Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru ziligeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa desturi. Majirani zetu Rwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, siku hiyohiyo. Lakini siku moja haiwezi kubeba taka za siku nyingine zote, na palipo na mzoa taka wa uhakika Jumamosi hiyo itumike kwa mitaro, makaburi na maeneo ya shule. Pasipo na mzoa taka, lundo lililokusanywa kwa nyimbo Jumamosi bado liko palepale Jumatano.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Mbona plastiki haijaisha?

Marufuku ya Juni 1, 2019 iligusa mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa nyingi viliachwa, pamoja na chupa za maji na soda. Bado tofauti inaonekana kwenye mitaro, kama ilivyoonekana baada ya pombe za viroba kupigwa marufuku mwaka 2017. Kijijini dawa ni ndogondogo: muuza karanga arudi kwenye karatasi, mwenye duka akatae mifuko ya magendo.

Mradi ulitupa magari na vifaa, sasa umekwisha. Tufanyeje?

Hesabuni upya gharama bila fedha ya mradi. Kama gari mlilopewa linakula zaidi ya mnachokusanya, liombeeni kibali liuzwe au likodishwe, mrudi kwenye guta. Ni kweli inauma kuonekana mmerudi nyuma. Gari lililokufa chini ya mwembe wa ofisi ya kata linauma zaidi, na linaonekana na kila mgeni.

Kikundi kikigawanyika katikati ya mkataba?

Hutokea, na mara nyingi chanzo ni fedha au mwenyekiti asiyetaka kubadilishwa. Vifaa viandikwe tangu mwanzo ni mali ya nani: kikundi, kijiji au halmashauri. Mkataba uwe wa mwaka mmoja wenye kuhuishwa, na uwe na notisi ya mwezi. Wakati wa mgogoro mtendaji wa kijiji ashike orodha ya kaya na kuajiri wazoa taka walewale kwa vibarua, ili toroli lisikose asubuhi hata moja wakati wakubwa wanajadiliana.